Kibarua Huyu ni wa Nani?



Kuna jibu moja ambalo wajumbe wa Tume yetu ya Haki na Amani wamelipokea mara nyingi kiasi kwamba sasa wanaweza kulitamka kabla halijatolewa. Mjumbe huenda kwenye lango la ujenzi kuulizia ujira wa kijana aliyebeba zege majuma matatu na kulipwa juma moja. Mlinzi humwelekeza kwa mnyapara. Mnyapara humtuma kwa mkandarasi mdogo, ambaye amekwisha kuhamia kazi nyingine. Ofisi ya mkandarasi mkuu hufungua daftari na kuliona halina jina hilo. Mwishowe msimamizi wa mradi, mtu mwenye shahada na adabu zake, husema kwa upole: "Pole sana, ndugu, lakini huyo si mtu wetu."

Hilo ndilo jibu tunalotaka kulipinga hapa. Twasema si jibu la haki, hata pale ambapo karatasi zote zinalikubali.

Mji wetu wa Arusha una desturi ndefu ya kujenga kwa ajili ya watu wa mataifa. Majengo ya kituo cha mikutano cha AICC, yenye mabawa yaliyopewa majina ya Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, yalijengwa yawe makao ya ile Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977. Humo humo ndimo ilimokaa Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyoanzishwa mwaka 1994 na kufungwa mwisho wa mwaka 2015. Jumuiya mpya ikapata makao yake mapya, yaliyozinduliwa mwaka 2012 kwa msaada wa Ujerumani. Huko Lakilaki, upande wa Kisongo, Umoja wa Mataifa ukajenga mahakama, ofisi na hifadhi ya nyaraka. Kule Olmoti ujenzi wa uwanja wa mpira kwa ajili ya mashindano ya Afrika ya mwaka 2027 ulianza mwaka 2024, chini ya mkandarasi kutoka China. Hapo hatujahesabu hoteli, maghala, viwanda vya Themi na Njiro, wala mabanda na vyumba baridi vya makampuni ya maua upande wa Tengeru na Usa River.

Hatuna ugomvi na majengo hayo. Yamelisha familia nyingi katika jumuiya zetu, na vijana wetu wengi wamejifunza humo kufunga nondo na kusoma ramani. Ugomvi wetu ni juu ya namna kazi inavyokatwa vipande.

Kampuni ya kimataifa inapotaka kujenga hapa, haijengi yenyewe. Makao yake makuu yako mbali, labda Ulaya au Marekani au Asia. Humwajiri msimamizi wa mradi, na pamoja naye mshauri mwelekezi, mhandisi na mkadiriaji majenzi. Hao humtafuta mkandarasi mkuu. Mkandarasi mkuu humpa mmoja kazi ya kuchimba msingi, mwingine zege, mwingine umeme, mwingine mabomba, mwingine rangi. Aliyepewa zege humtafuta fundi mkuu mwenye kundi lake. Fundi naye, jioni, humpigia simu mnyapara: kesho nataka watu 20. Na wale 20 wanatoka Muriet, Olasiti, Ngaramtoni na Moshono, au wameshuka kutoka vijiji vya Meru ambako shamba la baba limekwisha kugawanywa mpaka halimtoshi hata mmoja.

Hesabuni wenyewe ni ngazi ngapi kati ya mwenye fedha na mwenye koleo. Kila ngazi huchukua faida yake, wala hatusemi faida ni dhambi. Lakini kila ngazi huacha pia sehemu ya wajibu wake kwa ile iliyo chini yake, kama mtu anayepokezana kaa la moto. Ujira hushuka ukipungua, na hatari hushuka ikiongezeka. Kaa linapofika chini, hakuna wa kupokezwa tena, na mkono unaoungua ni wa yule asiyekuwa na jina kwenye daftari.

Tena si kibarua peke yake. Mama lishe aliyepika ugali na maharage nje ya uzio kwa miezi minne, akiwakopesha vijana mpaka siku ya malipo, naye huachwa na daftari lake la madeni siku mkandarasi mdogo anapofungasha. Hakuna mhandisi aliyewahi kumweka mama huyo katika makadirio, ingawa bila sufuria lake zege lisingemwagwa.

Karatasi zinaona mbali

Tunaambiwa: mwenye mradi hawezi kujua yote yanayotokea huko chini. Je, ni kweli?

Tutazame Lakilaki, wala hatutoi mfano huu ili kuwalaumu waliojenga pale. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliidhinisha kwa mradi ule dola za Marekani zipatazo milioni 8.8, na majengo yakafunguliwa rasmi Novemba 2016. Katika miaka ya ujenzi na hata baada yake, wajumbe wa mataifa waliokaa New York walisomewa taarifa za maendeleo ya jengo lililoko kando ya barabara ya Kisongo. Walihoji kuchelewa kwake. Walihoji kasoro zake. Wakamwagiza Katibu Mkuu afanye kila juhudi kurejesha gharama zilizosababishwa na makosa na ucheleweshaji. Basi jicho la mwenye mradi likitaka kuona, linaona kutoka New York hadi Lakilaki, na halipitwi na siku iliyopotea.

Ndivyo ilivyo katika kila mradi mkubwa. Msimamizi anajua zege la nguzo fulani lilimwagwa lini, na majaribio yake baada ya siku 7 na siku 28 yalionyesha nguvu gani. Anajua nondo zimetoka kiwanda gani. Mkandarasi ameweka dhamana ya benki kabla ya kuchimba. Kila hati ya malipo inapotolewa, sehemu ya fedha huzuiliwa mpaka kasoro zirekebishwe. Akichelewa, hukatwa fidia kwa kila siku. Haya yote ni mema, na yanaonyesha kwamba wenye fedha wanajua vizuri sana jinsi ya kuifikisha sheria yao kupitia ngazi zote hizo mpaka kwenye ndoo ya mchanga. Kama sheria ya mchanga inafika chini, kwa nini sheria ya ujira isifike?

Wala mikataba yenyewe haiko kimya. Miradi mingi ya kimataifa huandikwa kwa kufuata vitabu vya FIDIC, yaani Shirikisho la Kimataifa la Wahandisi Washauri, lililoundwa mwaka 1913. Kitabu chake chekundu, katika toleo la mwaka 1999, chasema katika kifungu cha 4.4 kwamba mkandarasi atawajibika kwa matendo ya wakandarasi wadogo kama kwamba ni matendo yake mwenyewe. Kifungu cha 6.2 chamtaka alipe ujira na kutunza masharti ya kazi yasiyopungua yale yanayokubalika katika shughuli hiyo mahali pale. Kifungu cha 6.7 chamdai ulinzi wa afya na usalama. Na kifungu cha 5.4 chamruhusu mhandisi, kabla ya kutoa hati ya malipo, adai uthibitisho kwamba mkandarasi mdogo aliyeteuliwa na mwenye mradi amelipwa stahili zake za nyuma.

Msomaji atazame vizuri hicho cha mwisho. Kanuni ya kwamba fedha mpya zisitoke kabla ya kuthibitishwa kwamba za zamani zimefika kwa aliyezifanyia kazi tayari imo kitabuni. Inasimama tu katika ngazi ya mkandarasi mdogo, haishuki mpaka kwa mbeba zege. Anayesema "huyo si mtu wetu" ametia sahihi mkataba unaosema kinyume, au walau unaomwonyesha njia.

Mwajiri aliye mbali

Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alitofautisha kati ya mwajiri anayefanya mapatano na mfanyakazi uso kwa uso, na yule asiyemwona mfanyakazi lakini anayeamua masharti ambayo mapatano hayo yatafanyika. Huyu wa pili tunaweza kumwita mwajiri wa mbali. Waraka unafundisha kwamba naye anabeba wajibu wa kweli, na katika kumweleza unayagusa hata makampuni yanayofanya kazi katika nchi nyingi.

Ni fundisho linaloingia katika ujenzi kama ufunguo katika kufuli. Ni nani anayeamua kwamba jengo likamilike katika miezi 14 badala ya 18? Ni nani anayemchagua mwenye bei ya chini kuliko wote, akijua kwamba saruji haina bei mbili na nondo haina bei mbili, na kwa hiyo kilichopunguzwa ni ujira na majukwaa ya kusimamia? Mnyapara haamui hayo. Yeye hugawana tu uhaba ulioamuliwa na wengine. Siku kijana anapopanda ghorofa ya tatu juu ya mirunda iliyofungwa kwa kamba chakavu, mwenye ratiba na mwenye bei wamepanda pamoja naye, ingawa wao wako ofisini.

Waisraeli waliagizwa jambo hili zamani sana. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, kina sheria ya kuweka ukingo pembeni mwa dari la nyumba mpya, mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Sheria ile haimtaji mwashi wala kibarua. Anayeambiwa ni mwenye nyumba.

Mwaka 2013 dunia iliona mambo mawili katika muda usiotimia mwezi. Tarehe 29 Machi jengo lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam, mtaa wa Indira Gandhi, lilianguka na kuua watu 36. Tarehe 24 Aprili jengo la Rana Plaza nchini Bangladesh, lililojaa viwanda vya nguo, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100. Makampuni ya Ulaya na Marekani yaliyouza nguo zilizoshonwa humo hayakuwa wamiliki wa jengo, wala hayakuwa waajiri wa mafundi cherehani wale kwa karatasi. Yangeweza kusema, na mengine yalijaribu kusema, kwamba wale si watu wao. Lakini baada ya kilio cha ulimwengu, mwezi Mei mwaka huohuo, makampuni mengi yalitia sahihi mapatano na vyama vya wafanyakazi yenye nguvu ya sheria juu ya usalama wa majengo na moto, pamoja na ukaguzi huru. Baadaye yakazidi 200. Basi neno "si mtu wetu" laweza kufutwa kwa kalamu. Twauliza tu kama ni lazima watu elfu moja wafe kwanza ndipo kalamu ipatikane.

Yale tunayojibiwa

Wapo wanaotuonya kwamba tukidai hivi, wawekezaji watahamia Nairobi. Kampuni inayokuja Arusha inakuja kwa sababu ya mlima, mbuga, hali ya hewa, udongo wa maua, au vikao vya mataifa. Vitu hivyo havihamishiki. Na ujira wa vibarua, ukitazama makadirio ya jengo la kisasa lenye vioo, lifti na viyoyozi vilivyotoka nje, si ule mzigo unaoweza kumfukuza mwenye mtaji.

Wapo wanaosema vibarua wenyewe hawataki mikataba. Wanataka fedha yao ya siku, jioni, mkononi. Hili lina ukweli, na tusilipuuze. Mtu aliyewahi kudhulumiwa mara tatu ana akili anapodai chake kabla jua halijazama. Lakini anayekataa karatasi hajakataa ujira, wala hajakubali kuanguka bila fidia. Amekataa ahadi asiyoiamini.

Wengine, nao ni wakandarasi wadogo, baadhi yao waamini wa parokia zetu, wanasema: "Sisi tunalipaje, nasi hatujalipwa?" Hapa tunawasikiliza kwa makini. Ni kweli kwamba mkandarasi mkuu anaweza kukaa na fedha kwa miezi, akingoja hati yake ipitishwe, na mdogo akauza gari lake ili awalipe watu wake. Tunawafahamu waliofanya hivyo, nao ni watu wa heshima. Kilio chao hakivunji hoja yetu, chaiongezea nguvu. Kaa la moto limewapitia wao pia, na aliye juu ndiye mwenye uwezo wa kulizima.

Kwa ninyi mnaotia sahihi

Sasa tunasema na kundi dogo la wasomaji wetu. Miongoni mwenu wamo wahandisi, wakadiriaji majenzi, wahasibu wa miradi na wasimamizi wa maeneo ya ujenzi. Mnasoma masomo Jumapili, mko katika kamati za uchumi na kwaya, na Jumatatu mnatia sahihi hati za malipo za makampuni ya nje. Hatuwadai mwe mashahidi wa damu. Tunajua anayepiga kelele peke yake hupoteza kazi, na mna watoto shuleni.

Lakini kalamu iko mkononi mwenu. Mnapotayarisha mradi, wekeni katika mkataba sharti kwamba hati ya malipo haitapitishwa mpaka mkandarasi mkuu alete orodha ya watu wote waliofanya kazi katika kipindi hicho, wa ngazi zote, pamoja na sahihi zao au alama za dole kwamba wamelipwa. Zuieni katika fedha ya mwisho kiasi cha kuwalipa waliosahauliwa, kama mnavyozuia kwa ajili ya rangi inayobanduka. Ubao ubandikwe langoni, kwa Kiswahili, wenye jina la mkandarasi mkuu, majina ya wakandarasi wadogo wote, na simu ya kupeleka malalamiko kwa mwenye mradi mwenyewe. Majukwaa, kofia ngumu, mikanda ya usalama na buti viwe na mstari wao na bei yao katika mchanganuo wa gharama, ili anayetaka kushinda zabuni asishinde kwa kuvifuta. Kampuni zinazochapisha vitabu vizuri vya rangi kuhusu haki za binadamu haziwezi kulikataa pendekezo kama hilo kwa sauti kubwa. Mkilipeleka kwa maandishi, litalazimika kujibiwa kwa maandishi.

Kwa viongozi wa jumuiya ndogondogo

Na ninyi mnaopokea vilio hivi kwanza, ijueni sheria ya nchi kwa kiasi cha kumsaidia jirani. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa, kwa mfano, namna yake ya kufanya kazi iko chini ya usimamizi wa mwingine, au amemfanyia huyo mwingine kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Jina la "kibarua" halimwondolei hadhi hiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, ya mwaka huohuo, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi, isipokuwa kwa anayefanya kazi chini ya siku sita kwa mwezi. Na shauri likifika mbele ya sheria bila maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha masharti yaliyokuwapo ni wa mwajiri. Basi kijana asiogope kwa kuwa hana karatasi. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hutolewa na mwajiri peke yake. Anayemkata kibarua kwa jina la mfuko huo anamwibia. Usalama wa eneo la ujenzi ni jukumu la OSHA, chini ya sheria ya mwaka 2003, na ukandarasi husimamiwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Chama cha TAMICO kinapokea wafanyakazi wa ujenzi.

Wafundisheni vijana, kabla hawajapanda gari la mnyapara, waulize jina la mkandarasi mkuu na la mwenye jengo, na waandike katika daftari dogo kila siku waliyofanya kazi, kazi gani, na nani alikuwapo. Mama lishe naye aliye nje ya uzio ni shahidi mzuri. Daftari lake la madeni lina tarehe.

Zaidi ya yote, wasikae wakingoja ahadi ya "mwisho wa mwezi". Shauri la kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na madai mengine, pamoja na ujira usiolipwa, ndani ya siku 60. Wadhulumaji wengine wanazijua siku hizo kuliko wadhulumiwa, na ahadi zao hupimwa zivuke hapo. Aliyechelewa anaweza kuomba aruhusiwe, lakini itambidi aeleze sababu, na sababu haikubaliwi kila mara. Tume hiyo ina ofisi mjini Arusha. Fomu ya kufungulia shauri huitwa CMA F.1, na huduma haitozwi ada. Asiyejua kuandika aje na mjumbe wa Haki na Amani wa parokia yake, pamoja na daftari lake.